Wageni wa Houston na Fundi wa Samaki

Mama alitaka samaki wa rangi zote zilizopo duniani, na aliwataka kabla ya Jumamosi.

"Huyu mwekundu," alisema, kidole chake kikigonga kioo. "Na yule mkubwa wa madoadoa. Halafu hawa wadogo wanaong'aa, nipe ishirini. Hiyo tank imekaa wiki tano na maji tupu. Watu wa kanisa wananiuliza kama tunafuga mawe."

Ilikuwa Alhamisi mchana, Garland, karibu na Dallas, ndani ya duka la samaki wa mapambo la mzee mmoja wa Kivietnamu. Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini asubuhi ile na sikuwa nimepata hata lepe la usingizi. Wilondja, ambaye siku nyingine alibeba maboksi warehouse, alisimama mbele yetu na wavu mdogo mkononi, amevaa aproni ya plastiki, akijitahidi asiniangalie. Mimi nami nilikuwa najitahidi nisimwangalie. Tulishindwa wote wawili, na kila mara tuliposhindwa nilihisi joto likinipanda mpaka masikioni.

Niseme ukweli mapema, unihukumu ukijua. Kwa Mama, huyu alikuwa fundi wa samaki tu. Kwangu mimi alikuwa mwanamume niliyempenda kwa miezi kumi na moja, tangu siku alipomleta shangazi yake Scholastique kwenye wodi yetu na mimi nikaitwa kuwatafsiria. Kaka yangu Mwenda alipoleta nyumbani tanki kubwa la kioo alilopewa na mtu aliyekuwa akihama Arlington, nikaona mlango wa kumwingizia. Nilimwambia Mama, "Kuna kijana najua anaelewa samaki." Nilidhani akizoea kumwona sebuleni atampenda kabla ya kujua sababu ya kumpenda. Ndivyo nilivyokuwa mjanja.

"Mama, uyu mukubwa ni mukali," Wilondja alisema kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ukimutia na bale badogo, asubuhi utamukuta yeye peke yake, ameshiba."

"Kwani hawezi kupewa chakula chake ashibe?"

"Hata umupe. Mimi ninaangalia mudomo kwanza. Samaki yote yenye inaweza kuingia mu mudomo ya mwenzake, iyo ni chakula, si rafiki."

Mama alicheka. Alikuwa anampenda yule fundi, hilo lilikuwa wazi, na ndilo lililokuwa likiniuma.

"Basi hawa wanaong'aa na yule mwekundu."

"Bale banaong'aa banataka maji laini, mama. Maji ya kwenu Mansfield ni magumu, iko na chokaa mingi, nilipima mwenyewe. Banaweza kuishi wiki moja, mbili, halafu banaanza kufa, moja moja. Non, uyu na uyu haiwezekani. Banapendeza, lakini maji yao si moja." Akasogea hatua mbili hadi kwenye kioo cha pembeni, na sauti yake ikabadilika. "Njoo uone ingine."

Walikuwa wadogo, rangi ya mchanga iliyokolea, mikia yao imechongoka ikaishia kwa nyuzi nyeupe. Hawakung'aa. Ilibidi uwaangalie kidogo ndipo uone uzuri wao. Kwenye mchanga chini kulikuwa na wengine wadogo zaidi waliokuwa wakiingia na kutoka ndani ya makombe ya konokono.

"Aba ni ba kwetu," alisema. "Ba ziwa Tanganyika. Pale Uvira nilikuwa ninaogelea, ninafungua macho mu maji, ninabaona hivi hivi mu mawe. Sikujua siku moja nitabauza Texas." Akatabasamu, lakini si kwa Mama. "Maji magumu ya hapa ni sawa na ya kule. Bale ba mikia banakaa mu mawe, badogo banakaa mu makombe. Kila moja na nyumba yake, hakuna kupigana sana. Na uyu mwenye mikia, akizaa, batoto bakubwa banabaki kulinda badogo zao. Familia nzima mahali pamoja."

"Wacha!" Mama alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Gakii, umesikia? Samaki wako na akili kushinda watu wengine. Tunachukua hawa."

Alipoenda kwa mwenye duka kuuliza habari za taa, tulibaki sisi wawili na mifuko ya maji. Wilondja alikuwa akifunga mpira kwenye mdomo wa mfuko.

"Jumamosi ni nani anakuja?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wageni wa Mama."

"Ba Mama, ao ni bako wewe?"

Nilihesabu samaki mfukoni. Yeye alisubiri. Kusubiri kwake ndiko kulikonifanya nimpende, na siku ile kulinitesa.

"Ni mtu wa Houston," nilisema. "Anaitwa Sheldon, ni mfamasia. Mama yake na Mama yangu waliimba kwaya moja huko Nkubu, Meru. Wanakuja tu tujuane, Wilo. Sijakubali chochote."

"Umekataa?"

"Nipe muda."

"Nilikupa. Nimeingia kwako mara tano na ndoo. Mama yako ananiita fundi, ananipatia chai ku garage. Sikatai kazi, Gakii, kazi ni kazi. Lakini mimi ni mutoto ya Kalume, niko na jina. Nikiingia tena mule, nataka kuingia na jina yangu. Kama haiwezekani, uniambie, nitajua njia yangu." Akanipa mfuko mikononi, vidole vyake vikakaa juu ya vyangu muda mrefu kuliko mfuko wa samaki unavyohitaji. "Ninakupenda. Lakini sitakupenda kwa kujificha mupaka tuzeeke."

Niliendesha gari mpaka Mansfield bila kusikia neno hata moja la Mama.

*

Sasa, Wilondja alikuwa amemwambia Mama mara tatu: hawa wanakula mara moja kwa siku, kidogo, unga wa kushika kwa vidole viwili. Lakini kumwambia mwanamke aliyelelewa Meru kwamba kuna kiumbe nyumbani mwake atakula mara moja, tena kidogo, ni kupoteza pumzi. Ijumaa, mimi nikiwa nimelala baada ya zamu ya usiku, Mama aliwapa unga wao asubuhi. Akawaona wanamfuata kwenye kioo, akaamini wana njaa, akawapa tena. Saa sita akawapa makombo ya chapati. Jioni, kwa kuwa kesho kuna wageni na haifai wageni wakute mtu wa nyumba hii ana njaa, akawapa ugali.

Jumamosi saa nne asubuhi maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele, na samaki wote walikuwa juu wakihema.

"Wanakufa!" Mama alipiga kelele. "Gakii! Wanakufa na Mama Sheldon ameshapita Corsicana, amebakisha saa moja tu! Nimempigia fundi, anakuja."

"Umempigia nani?"

"Fundi! Kuna fundi mwingine?"

Alifika kwa dakika arobaini. Nilimkuta pale garage akitoa ndoo na mpira wa maji kwenye gari. Hakunisalimia kwa jina langu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Nimekuja juu ya samaki," alisema. "Bale habana kosa."

"Wilo, leo nita..."

"Usiniambie leo utafanya nini. Niache nipite, banakufa."

Akapita. Alikuwa amepiga magoti sebuleni, mkono mmoja ndani ya tanki mpaka kwapani, akifyonza ugali kwa mpira, wakati kengele ya mlango ilipolia na watu wa Houston wakaingia na keki yao.

Mama alinivuta jikoni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na jasho lilimtoka. "Sikia. Akimaliza mpe chakula chake hapa jikoni, ale haraka aende. Sitaki Mama Sheldon adhani sisi ni watu wa kukaa na mafundi kwa meza."

Nilimwangalia nikajiuliza ni lini mimi, mwenye nyumba hii, niliyeosha wagonjwa miaka minane kuinunua, nilianza kunong'ona ndani yake.

Unajua mambo yetu. Watu wakikusanyika hakuna kula kabla ya kujulishana. Mama aliomba, akaomba sana, akawaombea hata wenye magari barabarani. Kisha Mama Sheldon akasimama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Bwana asifiwe. Mimi naitwa Jedidah. Nimeokoka na nampenda Yesu. Tumetoka Houston saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na barabara ilikuwa poa. Huyu ni kijana wangu Sheldon, ni pharmacist, bado hajaoa." Watu wakacheka. Sheldon alikuwa mrefu, mtulivu, shati limepigwa pasi vizuri. Aliangalia viatu vyake. "Tumekuja kuona marafiki. Mengine ni ya Mungu."

"Amina," Mama alisema. "Gakii, simama utujulishe watu wa kwetu."

Nikasimama. 

"Mimi naitwa Gakii. Huyu ni Mama yangu, Lydiah. Huyu ni kaka yangu Mwenda, ana-drive truck, mkimwona nyumbani Jumamosi mjue ni muujiza." Wakacheka tena. Mama alinitazama kwa fahari, akanionyesha kwa kichwa kwamba inatosha, nikae. Sikukaa.

"Na yule pale," nilisema.

Mpira wa maji uliacha kusogea. Mgongo wa Wilondja ulikuwa umeelekea kwetu, na niliona mabega yake yakisimama.

"Yule anaitwa Wilondja Kalume. Mmeingia mkamkuta amepiga magoti mkadhani ni fundi tu. Ni fundi kweli. Pia ndiye mwanamume ninayetaka anioe. Nimemficha miezi kumi na moja kwa sababu nilikuwa mwoga. Mama, alipokuja hapa mara ya kwanza, alikuja kwangu. Ya samaki nilikuwa nimekudanganya. Mama Sheldon, Sheldon, mnisamehe kwa safari. Hamkustahili."

Mwenda alikohoa chai yake yote juu ya suruali.

"Gakii," Mama alisema polepole. "Kaa chini."

"Nitakaa baadaye, Mama."

"Nimesema kaa chini! Umechoka, una-work nights mfululizo, hujui unaongea nini mbele ya watu."

"Ninajua. Nimeyafanyia mazoezi kwa gari wiki tano."

Mama alimgeukia Wilondja, ambaye sasa alikuwa amesimama, maji yakimdondoka kutoka kiwikoni hadi kwenye kapeti. "Wewe kijana. Nimekulisha. Nimekuita mwanangu hapa hapa."

"Ndiyo, mama."

"Alhamisi uliniambia nini dukani? Si ulisema wa maji laini hawezi kukaa na wa maji magumu? Si ulisema hata wakipendeza, mmoja mmoja watakufa? Hayo si maneno ya Gakii, ni yako. Basi niambie, wewe mtu wa kambi, mtu wa warehouse, na huyu binti yangu, maji yenu yako wapi? Nijibu kama fundi."

Jedidah aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia hukumu nzuri. Na mimi nilihisi kitu kikipanda kutoka miguuni. Haikuwa hofu tena.

"Nitakujibu mimi," nilisema. "Samaki ananunuliwa, Mama. Anatiwa kwa mfuko, anabebwa kwa gari, anamwagwa pale mtu mwingine ametaka, na hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Ndiyo maana inabidi fundi amchagulie. Mimi nani alinitia kwa mfuko? Nina miaka thelathini na miwili. Nilishuka Dallas na sanduku moja na sweta ya Baba, simjui mtu. Wilondja alitoka Uvira mtoto, akalelewa kambini Nyarugusu, akaletwa hapa barafu ikiwa imeganda barabarani. Kama kuna watu wawili chumba hiki wamejaribu maji ya kila aina, ni sisi. Hatujafa."

"Hana kwao!"

"Kwao wanakujua wewe vizuri kuliko unavyowajua. Shangazi yake anakuombea magoti yako yapone kila Jumapili, na hajawahi kukuona."

"Anabeba maboksi, Gakii."

"Na mimi ninabadilisha wazee nepi. Na Mwenda analala ndani ya truck."

"Aah, mimi usinitaje," Mwenda alisema akijipangusa suruali.

"Tangu lini nyumba hii ilianza kuchagua kazi?"

Wilondja aliweka mpira kwenye ndoo, taratibu, akapangusa mikono kwenye jinsi. "Mama," alisema, "kosa moja ni yangu. Niliingia mwako na ndoo, sikukuambia moyo wangu iko wapi. Iyo ninaomba msamaha, vraiment, kweli kabisa. Lakini kumupenda Gakii sitaomba msamaha. Hata leo, hata kesho. Sasa uniache nimalize maji. Nikiacha hivi, banakufa bote. Nikimaliza, unifukuze."

Akapiga magoti tena na kuendelea. Sebule nzima ilibaki kumwangalia mtu aliyekuwa anangoja kufukuzwa huku akipima maji mapya kwa kidole, asije akawaunguza samaki wa watu.

Sheldon ndiye aliyeongea kwanza. "Auntie, mimi kusema ukweli, afadhali nimesikia leo kuliko kuisikia kwa harusi." Kisha, baada ya kufikiri: "Kwani hao samaki watapona?"

"Batapona," Wilondja alisema bila kugeuka. "Ni bagumu."

"Sheldon, tunaenda," mama yake alisema, akachukua mkoba.

"Mum, ni masaa manne na zaidi kurudi. Tule kwanza."

Jedidah aliangalia pilau mezani. Akaangalia mlango. Akaurudisha mkoba kwenye kiti. "Tutakula," alisema kwa uchungu, "lakini sijafurahi."

Mama hakuwa anasikia. Alikuwa amechukua simu yake na miwani. "Nampigia Kirimi," alisema. "Baba yako hayuko, lakini hujakosa wazee. Kirimi ndiye wa kupokea watu wa kukuposa, na akisema hapana ni hapana. Hakuna mlango wa Meru utakaofunguliwa kwa huyu. Tuone utaolewa wapi."

Video ilifunguka. Kule Meru ilikuwa saa mbili usiku, na Uncle Kirimi, mdogo wa marehemu Baba, alikuwa amekaa chini ya balbu na kikombe mkononi.

"Lydiah! Habari ya Amerika?"

Kabla Mama hajapata neno niliitoa simu mkononi mwake. Sikuwa nimewahi kumnyang'anya Mama kitu maishani mwangu. Vidole vyake vilivyoachia vilikuwa baridi.

"Uncle, ni Gakii. Mama anataka kukupa habari, lakini ni habari yangu, kwa hivyo nitaitoa mwenyewe. Nimepata mtu. Si wa Meru, si wa Kenya, ni Mkongo, na hana digrii. Mama hamtaki. Nakuonyesha wewe kwanza ili usije ukasema ulifichwa." Nikavuka sebule, nikapiga magoti kwenye kapeti lililolowa, na kitenge changu kizuri mwilini, nikaiweka simu mbele ya uso wa Wilondja.

Aliangalia simu. Halafu aliniangalia mimi, karibu sana, macho yake yamejaa, na kwa sekunde moja sikujali kama chumba kilikuwa na watu au la.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba." Uncle alisogeza uso. "Mbona umelowa, kijana?"

"Ninaosha nyumba ya samaki, mzee."

"Aha. Unaitwa nani?"

"Wilondja, mutoto ya Kalume. Wa Uvira."

Uncle Kirimi alikunywa chai kidogo. Ni mtu asiye na haraka. "Nimekuona," alisema. "Sasa nipe Lydiah."

Nilirudi nikamkabidhi Mama simu yake. Nilibaki nimesimama mbele yake, maji yakinitiririka magotini. Nilikuwa nimeshaamua: wakikataa wote, nitaolewa kwao Wilondja, Garland, mbele ya shangazi Scholastique na yeyote atakayekuja, na sitalia.

"Lydiah," sauti ya Uncle ilitoka, "usinipe hasira, nipe jibu. Huyu kijana ni nani hapo kwenu?"

Mama alimtazama Wilondja mgongoni. Akamtazama Jedidah, aliyekuwa amesahau kutafuna. Midomo yake ilijaribu neno "fundi", ikaliacha. Kisha akavua miwani na kunikazia macho mimi, si simu.

"Ni mtu wa Gakii," alisema kwa hasira. "Hata mimi nimeambiwa leo."

Sikuinamisha macho.